Moshi Kabla ya Utepe

Niseme mapema ili pasiwe na maneno: mimi sina ugomvi na serikali. Nimeitumikia ujana wangu wote na sehemu nzuri ya uzee wangu, nikiwa Mtunza Mkasi wa Taifa. Ndiye yule mzee wa suti nyeusi mnayemwona pembeni mwa picha za magazeti, ameshika mto wa mahameli wenye mkasi juu yake. Mara nyingi wahariri huukata uso wangu, lakini mto huuacha.

Wageni hawaelewi uzito wa kazi hii, kwa sababu huko kwao vitu huanza vyenyewe tu, ovyo ovyo. Kwetu hakuna kinachoanza kabla Mheshimiwa Rais hajakata utepe. Ni sheria, tena sheria nzuri. Daraja la Mto Shange, kwa mfano, lilikaa muda mrefu likisubiri nafasi katika ratiba yake. Watu walilipita, na wengine walidondoka kwa kuwa lilikuwa halina kingo, lakini Wizara ilifafanua vizuri kabisa kwamba mtu hawezi kudondoka kutoka kwenye daraja ambalo halijazinduliwa. Wale walikuwa wanaogelea. Wodi ya wazazi ya hospitali kuu nayo ilichelewa kupata zamu. Siku ya uzinduzi, watoto wote waliozaliwa mle waliitwa waje wazaliwe rasmi. Walikuja na sare za shule, wakafungwa kanga, wakaambiwa walie, wakalia. Mmoja alikuwa ameshapata sauti nzito ya kiume, akawatisha wakunga.

Nawaeleza haya ili mjue kwamba yaliyotokea Lukwezi hayakutokana na uzembe. Utaratibu ulifuatwa.

Mwaka ule tulipata heshima ya kuandaa mkutano wa dunia wa mambo ya moshi. Mheshimiwa Rais akaagiza msafara wake wote uwe wa magari ya umeme, tena yaliyoundwa hapa hapa nchini kwa betri zetu wenyewe. Yalikuwa mazuri, meupe, na yalipita kimya kabisa. Kisha akamwita Dokta Lubango wa Idara ya Makadirio ya Moshi, mtu mwembamba mwenye tabia mbaya ya kujibu alichoulizwa. Mimi nilikuwepo na mto wangu, maana huwezi kujua lini kitu kitataka kuzinduliwa.

"Dokta," Rais akasema, "wageni wataniuliza haya magari yana moshi kiasi gani. Nataka jibu fupi, la mviringo."

"Mheshimiwa, gari la umeme halina bomba la moshi, hilo ni kweli. Lakini moshi wake mwingi ulishatoka kabla halijatembea hata hatua moja. Betri ni madini. Madini yanachimbwa, yanayeyushwa pale Lukwezi kwenye matanuri ya makaa ya mawe. Likishatoka kiwandani, linachajiwa kwa umeme, na umeme wetu unatoka kwenye mtambo wa makaa ulio nyuma ya mji. Kwa hiyo inabidi kujumlisha: moshi wa kuliunda na moshi wa kuliendesha."

"Endelea."

"Dereva wa teksi anayezunguka kutwa, akiwa na umeme wa maporomoko ya maji, baada ya muda gari lake linakuwa limetuokolea moshi mwingi kuliko ule wa kuliunda. Hilo ni gari jema, namwombea kila mtu alipate. Ila msafara wetu unatoka Ikulu hadi uwanja wa ndege na kurudi, basi. Na mengi ya magari yale yanakwenda matupu, kwa heshima tu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo msafara mpya una moshi kuliko ule wa zamani, Mheshimiwa."

Rais hakukasirika. Watu humsingizia hasira bure. Alinigeukia mimi. "Mzee wa Mkasi, kiwanda cha Lukwezi nilikizindua lini?"

"Bado, Mheshimiwa. Utepe uko getini unakusubiri."

"Na huo mtambo wa umeme?"

"Nao bado, Mheshimiwa."

"Umesikia, Dokta? Sasa niambie, kiwanda ambacho hakijaanza kinatoaje moshi?"

"Kinatoa, Mheshimiwa. Nilisimama nje nikauona."

"Umeuona moshi wa kitu ambacho hakijaanza. Pole sana. Nenda kapimwe macho."

Alipelekwa kupimwa macho. Akarudi na miwani mipya na jibu la mviringo: sifuri.

*

Sasa magari yakaanza kukohoa.

Wa kwanza kusikia alikuwa Waziri wa Itifaki, akiwa peke yake kiti cha nyuma, dereva ameshuka kununua maji. Alisikia kikohozi kikavu, viwili vya haraka haraka na kimoja cha kuvutwa kutoka mbali. Kisha sauti ya mwanamume, ya chini, yenye adabu zake, ikasema: "Niwieni radhi." Waziri ni mtu aliyelelewa vizuri, akajibu, "Bila samahani." Ndipo akakumbuka kuwa ndani ya gari hamna mtu. Walimkuta amesimama barabarani, kiatu kimoja kimebaki garini.

Baadaye yalikohoa yote. Dokta Lubango alisema kwamba pengine hata yale ya zamani yangekohoa, ila injini zake zilinguruma mno tukashindwa kusikia. Mafundi walilifungua moja, wakainamisha masikio juu ya betri, na wote wakaacha kazi siku hiyo hiyo. Wizara ya Habari ikatangaza kwamba kikohozi hicho kimetoka nje ya nchi. Madereva wakagawiwa dawa ya kifua. Ving'ora vikaamriwa vilie muda wote msafara unapotembea, hata ukiwa umeegeshwa. Haikusaidia, kwani kila king'ora kilipovuta pumzi, katikati pale ulisikia: "Niwieni radhi."

Mimi nilikuwa napanda gari la mwisho, pamoja na mto. Nilikuwa nasikia kila kitu. Sisemi uongo, nilikuwa naogopa, na kilichonitisha zaidi ya kikohozi ni ile adabu yake.

Ni katika wiki hizo Bi. Semeni alipoingia ofisini kwangu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, ana vumbi la safari hadi kwenye kope. Alinisalimia, nikamwitikia, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mzee, nimeambiwa wewe ndiye unayekaa na mkasi."

"Ndiye mimi, mama. Ila hauazimwi."

"Sijaja kuazima. Mume wangu ni Kasimba, alikuwa mchochezi wa tanuri kule Lukwezi. Kifua kilimbana kazini, akafia pale pale. Alipotolewa, wenzake walipiga magoti wote ili machela ipite chini ya utepe. Mlinzi alisema atakayeugusa atafungwa, hata akiwa maiti."

"Pole sana, mama."

"Nishapoa. Sasa hospitali wamemweka kwenye jokofu, hawamtoi bila kibali cha kuzika. Nikienda kwenye kibali wananiuliza amefia wapi. Nikisema kiwandani, wanasema kiwanda hakijaanza, hakuna mtu anayeweza kufia humo. Basi wanasema mume wangu atakuwa amesafiri. Sitaki fidia, mzee. Sitaki hotuba. Nataka azikwe. Tangu masika yuko kwenye baridi, na yeye ni mtu wa moto."

Nilikuwa natafuta la kumjibu, jibu la kiserikali lisilomuumiza, ndipo msafara ukapita chini ya dirisha. Ving'ora vikavuta pumzi. Bi. Semeni akasimama, akashika ukuta kwa mkono.

"Huyo ni Kasimba," akasema.

"Mama, hayo ni magari ya Mheshimiwa."

"Nimelala naye kitanda kimoja tangu nikiwa msichana. Unadhani sijui anavyokohoa? Na kila akimaliza huomba radhi. Hata tukiwa wawili tu. Nilimwambia, Kasimba, unaniomba radhi mimi kwa kifua chako? Hakuacha."

Nikamwambia akae, nikamletea maji. Yeye hakulia, alibaki amelitazama dirisha.

*

Nilimpeleka Ikulu. Nisingethubutu, lakini wageni wa mkutano walikuwa karibu kufika, na Mheshimiwa alikuwa ametangaza kwamba atakayenyamazisha magari atapewa mtaa wenye jina lake.

Rais alimsikiliza vizuri, akatikisa kichwa kwa huruma. Ni mwepesi wa huruma. "Hili ni jambo dogo, mama. Kinachokosekana ni mahali pa kufia tu. Tutampa. Tuna uwanja wa michezo, nimeuzindua mwenyewe. Tuna hoteli ya kitalii ufukweni. Mchagulie mumeo mahali pazuri."

"Nashukuru, baba. Lakini Kasimba hakuwahi kuingia hotelini."

"Ndiyo nafasi yake sasa!"

"Nikisema amefia hotelini, roho yake itabaki kule kule kwenye tanuri, maana hakuna aliyekwenda kuiita ilipo. Na wenzake wanaokohoa leo, nao mtawapeleka hotelini?"

Mawaziri walitazama zulia. Rais alifikiri, na mimi nilimwona akifikiri, kwa hiyo sikubali wanaosema vingine. Akikizindua kiwanda cha Lukwezi, moshi wote unaanza, na jibu la mviringo linaharibika mbele ya dunia. Asipokizindua, magari yatawaomba radhi wageni. Hatimaye akatabasamu.

"Mzee wa Mkasi, utakwenda naye Lukwezi. Utasimama mbele ya utepe na mkasi halisi wa Taifa. Utaunyoosha mkono, halafu utakata hewa. Hewa tu, umenielewa? Marehemu atasikia mkasi, ataridhika. Utepe utabaki mzima."

Baraza lilipiga makofi. Dokta Lubango, aliyeamriwa atusindikize, hakupiga. Alivua miwani akaifuta muda mrefu.

*

Lukwezi sikuwa nimefika. Sina sababu ya kufika mahali ambapo hapajazinduliwa.

Ukaribiapo, nguo zilizoanikwa ni za kijivu zote, hata zile zilizonunuliwa nyekundu. Kiwanda kimesimama juu ya kilima, mabomba yake yanatoa kile ambacho Dokta Lubango hakukiona. Getini kuna utepe. Niliukagua mwenyewe ulipotoka stoo, ukiwa na rangi za bendera, unang'aa. Sasa ulikuwa mweusi, umelegea katikati, umefika usawa wa kifua cha mtu.

Tulifika wakati zamu zinabadilishana. Mamia ya watu walikuja wakainama, wakapita chini ya utepe, wengine wakatoka wakiwa wameinama. Nilichoshangaa ni kwamba waliotoka hawakuinuka. Waliteremka kilima vile vile, migongo imekunjika. Bi. Semeni aliniambia kwamba wenye miaka mingi hapo huinama hata wakiingia majumbani mwao, na milango yao ni mirefu.

"Na Kasimba?" nikauliza.

"Alikuwa mrefu kuliko mimi. Alipokufa nikawa mimi ndiye mrefu."

Habari zilikuwa zimewafikia. Waliotoka walisimama, walioingia walirudi, wakatuzunguka kimya. Hata kukohoa walijizuia, nikawa naona mabega yao yanavyotikisika. Nikauchukua mkasi kwenye mto. Niwaambie jambo moja: miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kuukata utepe hata mmoja. Kazi yangu ilikuwa kubeba. Mkasi wa Taifa ni mzito kuliko unavyoonekana kwenye picha.

Nikaunyoosha mkono kama nilivyoagizwa. Nikafungua makali. Na pale pale, mbele yangu, upande wa pili wa utepe, pasipo na mtu, nikasikia viwili vya haraka haraka na kimoja cha kuvutwa kutoka mbali.

"Niwieni radhi."

Bi. Semeni akasema taratibu, "Wewe usituombe radhi. Wewe usituombe radhi, Kasimba."

Mimi ni mtumishi mtiifu. Nilitakiwa kukata hewa, na niliitafuta kwa nia njema kabisa. Niliitafuta kati ya makali ya mkasi, nikaitafuta juu, nikaitafuta chini. Waulizeni watu wa Lukwezi kama hewa ipo. Kulikuwa na moshi, na kulikuwa na utepe. Nikakata kilichokuwepo.

Ulianguka bila sauti. Vipande viwili vyeusi vililala kwenye vumbi, na hapo ndani ya mkato, mahali mkasi ulipopita, zikaonekana rangi za bendera kidogo, safi kama zilivyotoka stoo. Watu walijaribu kusimama wima. Wengine waliweza. Wengine walijaribu wakashindwa, wakacheka, halafu wakalia. Na kikohozi walichokizuia wakakiachia wote kwa pamoja, nadhani kilima kizima kilisikia.

Dokta Lubango aliitazama saa yake. "Moshi umeanza," akasema, na akaenda zake kwenye gari kuandika.

*

Kwetu sheria ni sheria. Kiwanda kilikuwa kimezinduliwa kwa mkasi halali, na aliyeushika alitumwa na Rais mwenyewe, hakuna aliyeweza kubisha. Bi. Semeni hakusubiri Ikulu ijue la kufanya. Aliteremka kilima mbio, na wajane wengine nyuma yake, wengi kuliko nilivyodhani, na karani wa vibali akaandika hadi vidole vikavimba. Kesho yake asubuhi Kasimba alizikwa juani, mahali penye joto. Alizikwa na wenzake wote waliokuwa "wamesafiri".

Siku hiyo hiyo mkutano ulifunguliwa. Magari yalipita na wageni, kimya kabisa, wala hayakukohoa. Mheshimiwa alikuwa na furaha isiyo kifani hadi Dokta Lubango alipopanda jukwaani kusoma makadirio. Alisoma jumla yote, ya matanuri na ya mtambo, akaeleza kwamba ili msafara ule ufidie moshi wa kuundwa kwake, itabidi uende uwanja wa ndege na kurudi mpaka vitukuu vya Mheshimiwa vistaafu. Akaongeza kwamba magari hayo hayo yangefaa sana kuwa mabasi ya wananchi. Wageni walimsikiliza kwa makini, wakapiga makofi wakiwa wamesimama. Wakati wa chai walimfuata kumuuliza Lukwezi inaweza kuwauzia betri ngapi.

Jioni Waziri wa Itifaki alitumwa na sindano na uzi. Utepe ukashonwa, na kiwanda kikarudi kuwa hakijaanza. Mshono ulikula kitambaa, kwa hiyo hauning'inii tena kama zamani. Umekazwa, tena chini zaidi, usawa wa kiuno. Siku hizi wanaingia kwa kutambaa.

Lakini waliokwisha kuzikwa hawakuweza kufukuliwa. Hilo nalo ni sheria.

Dokta Lubango amepelekwa tena kupimwa macho, na vipimo vinaendelea. Mimi sikufungwa. Magazeti yameandika hivyo na ni kweli tupu. Nilichukuliwa kwa heshima, nikaletwa kwenye jengo jipya nyuma ya mtambo wa umeme, lenye vyumba vidogo vidogo na madirisha ya nondo. Getini kuna utepe. Nilikuwa wa kwanza kuinama chini yake, na nilitambua kitambaa, maana mimi ndiye niliyekitoa stoo. Jengo hili litakuwa gereza Mheshimiwa atakapopata nafasi. Kwa sasa hakuna mtu ndani, mlinzi ameniambia mwenyewe, akinipa uji.

Mtambo unafanya kazi sana siku hizi. Magari yameongezeka, na yote yanachajiwa. Moshi unaingia kupitia nondo, unakaa kifuani. Nilidhani ni mafua.

Jana mchana nilisikia sauti ya mwanamke nje ya ukuta.

"Shikamoo, mzee."

"Mama, unamwamkia nani?" mlinzi akauliza. "Humu hamna mtu. Hapajazinduliwa."

"Namwamkia anayekohoa."

"Hakuna anayekohoa."

"Basi ngoja tusikilize," akasema Bi. Semeni.

Nilimjua kwa ule utulivu wake. Nikataka kuitikia, nikakumbuka kwamba mtu ambaye hayupo haitikii salamu, na mimi sijawahi kuvunja utaratibu kwa makusudi. Nikanyamaza. Lakini kifua hakijui utaratibu. Vikanitoka viwili vya haraka haraka na kimoja cha kuvutwa kutoka mbali, na kabla sijajizuia nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema:

"Niwieni radhi."

Halafu nikamsikia akimwambia mlinzi, bila hasira, kama anayeuliza njia:

"Huu utepe wenu, baba, unakatwa na mkasi gani?"